Tundu la Bagamoyo na Tundu la Dar es Salaam

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye tumbo lake limeanza kumtangulia mlangoni. Kama wewe ndiye huyo, keti kwanza. Mimi ni mzima. Ninaandika nikiwa nimesimama karakanani kwangu, daftari likiwa juu ya kifuniko cha pipa, na nikitazama chini naviona vidole vya miguu vyote kumi. Ilipita miezi sikuviona.

Kazi yangu ni fundi bati. Natengeneza vibatari, makopo ya maziwa, mifereji ya mapaa, na chochote kinachoweza kutoka katika debe tupu la mafuta ya taa. Shule yangu ilikuwa chuo cha Kurani tu. Herufi za Kizungu nilijifundisha kwa kusoma maandishi ya kwenye madebe na masanduku, kisha magazeti. Nayasema haya ili ujue kwamba mambo yaliyomo ndani ya tumbo siyajui, wala sitajifanya kukufundisha. Ninachokijua ni matundu. Nimetoboa mabati zaidi ya miaka ishirini, na katika ugonjwa huu nilitobolewa mimi, mara tatu, na madaktari wawili ambao kila mmoja ana namna yake ya kuingia. Sidhani kama Bagamoyo yuko mtu mwingine anayeweza kuzilinganisha namna hizo kwa kuzionja.

Tumbo lilianza kiangazi. Mwanzoni nilidhani nimenenepa na nikafurahi kidogo, maana mafundi bati hatunenepi. Aliyeona kasoro ni mke wangu, Mama Zena. Nilikuwa nanawa uani, akasimama ananitazama na upawa mkononi.

"Baba Zena, wewe unanenepa mahali pamoja tu."

"Kila kitu huanza mahali pamoja."

"Mikono yako inakwisha. Pete imelegea. Mtu akinenepa hunenepa na shingo."

Nikachukua uzi wa kitani, nikajizungushia usawa wa kitovu, nikafunga fundo penye kikomo. Kila Ijumaa kabla ya kuoga kwa ajili ya sala nikawa najipima na kufunga fundo jingine. Ijumaa ya sita fundo la mwisho lilikuwa limeachana na la kwanza kwa shubiri nzima. Alasiri nilikuwa napata homa ndogo, isiyotosha kunilaza wala kuniacha nifanye kazi. Rukuu ilinishinda, nikawa nasali nimeketi. Kukata bati kulikuwa shida pia, kwa sababu tumbo lilifika kwenye mkasi kabla ya mikono.

Wakati huo akaja Pazi. Pazi ni Mkwere wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, na ni mtani wangu kwa urithi wa babu zetu. Kwa desturi za huku mtani ana ruhusa ya kumcheka mgonjwa, na hata maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Alisimama mlangoni na mananasi mawili chini ya kwapa, na mkononi ana kipande cha kanga kuukuu.

"Hodi wenyewe. Nimesikia nyumba hii ina mzazi."

"Karibu, Pazi."

"Usiinuke, usiinuke, utamwamsha mtoto. Miezi mingapi sasa?"

"Ijumaa sita."

"Anakuja mbio huyu. Nimemletea mbeleko. Akiwa wa kiume mpe jina langu."

"Nikimwona hana akili nitampa."

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini Mama Zena hakucheka. Alipokea mananasi akaenda jikoni, na nilisikia kisu kikilipiga nanasi kwa nguvu ambazo nanasi halihitaji.

Kaka yake, Mwalimu Kibwana, anayesomesha chuo mtaani kwetu, aliniandikia kombe: maneno matukufu kwa zafarani ndani ya sahani, yakaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa. Nilikunywa siku saba. Siku ya nane nilimwuliza kwa adabu kama ipo dua ya aina nyingine, isiyoongeza maji. Alifikiri kwa muda mrefu, maana ni mtu mwaminifu, kisha akasema, "Shemeji, nenda hospitali. Mimi nitaendelea kukuombea kwa ukavu."

Naomba niseme kwa nini nilichelewa, kwa sababu huenda nawe unachelewa kwa sababu hiyo hiyo. Tulikuwa na jirani aliyekuwa na uvimbe tumboni. Alikwenda kupasuliwa kwa miguu yake, akarudi juu ya mabega ya watu. Tangu siku ile neno kupasuliwa lilikaa mwilini mwangu kama kibanzi cha bati chini ya ukucha. Homa, kukonda, kucheka kwa watu, vyote niliviweza. Nilichoogopa ni kufunguliwa, kwa sababu ninajua kwa kazi yangu kwamba debe likishafunguliwa kwa mkasi, hata ulilehemu vipi, halirudi kuwa debe lile.

Hospitali ya Bagamoyo ilikuwa na benchi la kungojea lenye mguu mmoja mfupi. Watu wanane walikuwa wakiyumba pamoja kila mmoja alipokohoa. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nilikuja na kipande cha bati kilichokunjwa mara tatu nikakitia chini ya mguu ule. Siku ya tatu wagonjwa walikuwa wananiamkia kama mtu wa serikali na kuniuliza daktari anakuja saa ngapi.

Daktari alikuwa Mgoa, mfupi, mwepesi, aliyesema Kiswahili kama mtu anayekimbilia lori. Alinilaza, akanigonga tumbo kwa vidole kama mimi ninavyogonga pipa kujua limejaa mpaka wapi. Hapo nikaanza kumwamini.

"Maji," akasema. "Kesho kutwa natoboa, natoa."

"Unatoboa wapi?"

"Hapa." Akaweka vidole vitatu chini ya kitovu changu, katikati kabisa.

Nikarudi nyumbani na neno hilo, na neno hilo likazua baraza. Kwa sisi, mwanamume huanza kusitiriwa chini ya kitovu mpaka gotini. Juu ya kitovu daktari angeweza kutoboa anavyotaka na watu wakatazama. Vidole vitatu chini yake ni mambo mengine. Mwalimu Kibwana alileta vitabu viwili. Alisema dharura huhalalisha, ila huhalalisha kwa kiasi cha dharura yenyewe, si zaidi. Kwa hiyo ilibidi ijulikane tundu la daktari lina ukubwa gani, ili kisionekane cha ziada.

Mama Zena akakata bafta, akashona pindo, na katikati akaacha tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Tulilipima mimi nikiwa nimeketi kitandani: vidole vitatu chini ya kitovu, sawasawa. Mimi mwenyewe nilihakiki kwa rula.

Siku ilipofika Mwalimu alinisindikiza mpaka ndani. Kabla ya yote daktari aliniambia niende msalani nikajisaidie kabisa, na hili nakusihi ulishike, kwa maana kibofu kilichojaa hukaa pale pale msumari wa daktari unapopita. Nikarudi, nikalazwa chali, Mwalimu akanifunika kwa bafta yetu. Daktari akatazama.

"Hiki nini?"

"Sitara," akasema Mwalimu. "Tundu limeachwa kwa kazi yako."

"Tundu lenu liko kwenye nyonga."

Ilikuwa kweli. Tulipima nimeketi, na tumbo lenye maji mtu akilala huhama. Mimi, fundi wa vipimo, nilikuwa nimesahau kwamba chombo laini hakipimwi kikiwa kimesimama ikiwa kitatumika kikiwa kimelala. Daktari akatoa katika sanduku la mvuke shuka yake ya kijani, nayo ina tundu katikati.

"Hata sisi tunasitiri," akasema.

Mwalimu Kibwana akaomba azione zote mbili, akaisogeza yetu karibu na ile ya kijani bila kuigusa, akapima kwa macho. "La serikali ni dogo zaidi," akaamua. "Liko karibu zaidi na sharia. Endelea, Daktari."

Sasa nieleze chombo, maana utakiona na kitakutisha. Ni msumari ulio ndani ya mrija. Vyote viwili huingia pamoja. Msumari ukichomolewa, mrija hubaki na maji hupita. Daktari wa Bagamoyo ni mtu wa pigo moja. Alichoma ganzi, akangoja, akashika chombo kwenye kiganja na kunyoosha kidole cha shahada kando ya mrija, karibu na ncha.

"Daktari," nikasema, "unajuaje umefika, usije ukatoboa na upande wa pili?"

"Kidole hiki kinazuia."

"Hata mimi nafanya hivyo kwa patasi."

"Vizuri. Basi nyamaza."

Akasukuma. Maumivu sikuyasikia, ila nilisikia ule mpasuko mdogo, kama ukucha unapopenya ngozi ya ngoma. Ulikuwa mfupi kuliko chafya. Msumari ukatoka, maji yakaanza kushuka katika ndoo, rangi ya chai ya maji ya mara ya pili.

Kwa muda yalishuka vizuri, kisha yakaanza kukatakata. Sikuweza kuvumilia.

"Daktari, inataka tundu la pili juu, la kupitishia hewa. Debe lenye tundu moja halimwagi vizuri."

"Wewe si debe. Debe halisinyai. Tumbo linafuata maji lenyewe."

"Lakini linakatakata."

"Linakatakata kwa sababu unaongea."

Nikanyamaza, na maji yakaenda. Jambo hilo nililiandika daftarini kuwa halijathibitishwa.

Yalitoka nusu debe na kibaba kimoja. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani, siku hiyo nikaswali adhuhuri nimesimama, nikarukuu, na nikiwa nimeinama niliona mkeka wa msikiti karibu nami kama rafiki aliyetoka safari. Ijumaa iliyofuata uzi ulirudi fundo la pili. Mama Zena alipika samaki wa nazi, na mara ya kwanza tangu kiangazi alikaa akaniangalia nikila bila kuhesabu matonge.

Baada ya majuma matatu, mvua za masika zikiwa zimeshika kweli kweli, uzi ulifika fundo la sita tena.

Nikatobolewa mara ya pili, namna ile ile, mahali pale pale, tofauti ya upana wa kidole tu. Safari hii hatukuchukua bafta. Maji yakatoka, na baada ya majuma mawili yakarudi. Daktari aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Fundi, mimi nakomba maji. Bomba linavuja ndani na mimi sioni linavuja wapi. Wewe ungefanyaje?"

"Ningefungua."

Akaitikia kwa kichwa, na ndipo nilipogundua nimejihukumu mwenyewe. Alipitisha kidole hewani juu yangu kutoka chembe cha moyo hadi chini ya kitovu. Shubiri moja na nusu. Akasema kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam. Kisha akaongeza kwamba yuko huko daktari mmoja mzee aliyekuja na chombo chake mwenyewe, mrija wenye taa ndogo, ambaye hutazama ndani kwa tundu kama la kidole gumba. Akikubali kunitazama, na akaona la kuona, huenda nisifunguliwe. Asipoona, nitafunguliwa. Akaandika barua.

Nilikaa na barua ile siku tisa bila kwenda. Nilimwambia Mama Zena barabara imeharibika kwa mvua. Siku ya kumi, mvua imekatika na kipupwe kinaanza, nilitoka msalani nikamkuta amefunga mkeka, sufuria na bakuli katika shuka.

"Unakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Lori la mbata linaondoka saa tatu."

"Na mimi?"

"Wewe ukipenda utafuata. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na mtungi. Nikifika nitawaambia mume wangu anaogopa, wanipe dawa nimletee."

Nikachukua kofia. Nikachukua na mfuko wangu wa vifaa, kwa mazoea, maana sijawahi kulala mji mwingine bila chuma cha kulehemu.

"Unakwenda kuugua au kuziba mabati?" akaniuliza.

"Sijui. Hata wewe hujui."

Lori lilituchukua siku nzima. Kulalia magunia ya mbata na tumbo lile kuna siri moja, nayo ni kulala ubavu wa kushoto na kukumbatia gunia. Ukilala chali, kila shimo la barabara utalisikia mara mbili, mara ya kwanza lori linapoingia na mara ya pili maji yanapofika.

Hospitali yenyewe siitaji jina, kwa kuwa sikuomba ruhusa. Tulingoja barazani siku tatu. Mama Zena alipikia wagonjwa watatu wasio na watu, na mmoja wao, mzee wa Pangani, alimwombea dua ndefu kuliko aliyoniombea mimi. Siku ya tatu asubuhi nilizuiwa kula, nikaogeshwa, nikavikwa shuka. Kisha sikuitwa. Jua likapanda. Mwishowe akatoka dresa, msaidizi wa daktari, kijana mtaratibu aitwaye Saidi, akakaa kando yangu kwa namna ya mtu mwenye habari mbaya.

"Mzee wangu, taa ya daktari haiwaki. Amejaribu tangu alfajiri. Chombo hicho kiko kimoja tu, na cha kukibadili kinatoka ng'ambo, miezi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho utaingia kwa yule daktari mwingine. Wa kufungua."

Mama Zena alinishika kifundo cha mkono. Mimi, nisikufiche, niliona giza kidogo pembeni mwa macho. Halafu nilisikia mdomo wangu ukiuliza swali ambalo ungeuliza hata kama mwenyewe ningekuwa nakata roho.

"Imekufa taa, au umekatika waya?"

"Sijui."

"Mwambie daktari fundi wa Bagamoyo anauliza."

Daktari akatoka mwenyewe. Alikuwa Mzungu mrefu, mweupe kichwa kizima, mwenye Kiswahili cha kitabu, kila neno limesimama peke yake. Mkononi alikuwa na kisanduku cha betri na mrija mwembamba unaong'aa, mzuri kuliko kitu chochote cha bati nilichowahi kukiona.

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Wa bati, Bwana Daktari. Nalehemu."

"Hiki si bati."

"Naona. Lakini waya ni waya."

Akanitazama, akatazama tumbo langu, akaketi kwenye benchi. Tulijaribu taa peke yake moja kwa moja kwenye betri, ikawaka. Basi haikufa. Nikapitisha ukucha taratibu kwenye waya mpaka shingoni mwa mrija, pale unapoingia, na pale ukucha ukazama. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Ukiushika taa inawaka, ukiuachia inazima.

"Pataingia tumboni hapa?" nikauliza.

"Hapana. Hapo patabaki nje."

"Umbali gani?"

Akapima kwa vidole. "Viwili."

"Vinatosha," nikasema, ingawa ningependa vitatu.

Jiko la mkaa lilitoka jikoni kwa wapishi. Mama Zena alipepea. Nilisafishia kiungo kwa utomvu mkavu badala ya asidi, kwa kuwa asidi hula waya polepole, na sikutaka kitu kinachokula polepole karibu na kitovu changu. Fikiria mwenyewe hali ile: nimevaa shuka ya hospitali iliyo wazi mgongoni, tumbo limefika magotini, mzee wa Pangani ameshika taa ya mkono ingawa ni mchana, na daktari anapuliza moshi usiniingie machoni. Katika maisha yangu sijalehemu kitu kwa uangalifu kama ule. Kwa kawaida fundi akikosea, mteja hurudi kulalamika. Safari hii fundi na mteja walikuwa mtu mmoja.

Taa ikawaka. Nikaikung'uta mara kumi, haikuzima. Daktari akanipa mkono.

"Sasa," akasema, "mteja aingie."

Kabla ya kuendelea niseme juu ya mahali. Huyu alichagua vidole viwili juu ya kitovu, kando kushoto. Juu. Niliporudi na kumsimulia Mwalimu Kibwana alisema mtu yule lazima amesoma fiqhi.

Namna yake ilikuwa kinyume kabisa na ya Bagamoyo. Hakupiga pigo moja. Baada ya ganzi aliingiza sindano nyembamba, akatoa maji kwanza, taratibu. Kisha akaunganisha sindano ile na kipira cha mkono akaanza kunipuliza hewa.

"Bwana Daktari," nikasema, "unatia hewa?"

"Natia. Maji yametoka, matumbo yanataka kuachana na ukuta, nipate nafasi ya kuona."

Nilifumba macho nikamshukuru Mungu. Sikujua bado kama nitapona, lakini neno la hewa lilikuwa limethibitishwa.

Halafu akakata ngozi kidogo kwa kisu, si zaidi ya ukucha wa kidole gumba, akaiinua juu kwa mkono kama mtu anayeinua kitambaa cha kufunikia sahani kuchungulia chakula, na hapo ndipo akaingiza msumari na mrija wake, akiuzungusha nusu kulia, nusu kushoto, kama mimi ninavyozungusha kekee ya kutobolea. Alikwenda polepole kiasi kwamba nilipata muda wa kuogopa mara tatu. Bagamoyo nilikuwa na nafasi ya kuogopa mara moja tu, tena baadaye.

Na hapa nakutahadharisha jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Bega la kulia likaanza kuniuma. Tumbo limetobolewa, linauma bega. Nilidhani wamepotea njia.

"Bwana Daktari, uko wapi?"

"Tumboni."

"Mbona nakusikia begani?"

"Ni hewa. Itapita."

Ilipita baada ya siku mbili. Likikupata wewe, usidhani umepotea.

Akazima taa ya chumba, akainama, akaweka jicho. Mimi nilikuwa nakitazama kiungo changu cha lehemu, vidole viwili kutoka ngozini, kikisogea kila nilipopumua. Nikapunguza kupumua. Nilikiomba kishike. Sijawahi kukiomba kitu nilichokitengeneza mwenyewe, na nadhani haifai, lakini nilikiomba.

"Aa," akasema daktari. "Punje. Nyingi, ndogo, nyeupe, kama mtama uliomwagwa." Akanyanyuka, akawasha taa ya chumba. "Kifua kikuu, Fundi. Hakikukaa kifuani, kimehamia tumboni. Hiki hakina haja ya kisu. Kina sindano zake, mpya. Utarudi Bagamoyo na utachomwa huko."

"Sifunguliwi?"

"Ufunguliwe nini? Nimekwisha kuona."

Saidi alitoka kumwambia Mama Zena. Nilimsikia akimwuliza kama wana unga wa kutosha, kwa sababu alikuwa anataka kuwapikia watu wote wa barazani. Baadaye niliona amelia, lakini alisema ni moshi wa mkaa wangu.

Sindano zilianza kipupwe, kila siku moja, matakoni. Niliandika daftarini "kulia" au "kushoto" ili dresa wa Bagamoyo asionee upande mmoja, na alipojaribu kubisha nilimfungulia ukurasa. Masikio yalivuma kama nyuki, nikaambiwa ni dawa, yakaacha zilipopunguzwa. Kukaa karakanani kulinitaka nijitengenezee kiti chenye tundu katikati, ambacho baadaye wazee wawili waliniagiza kwa sababu zao wenyewe. Vuli ilipofika uzi ulikuwa umerudi fundo la pili. Maembe yalipoiva ulipita fundo la kwanza, nikalazimika kufunga fundo jipya upande wa ndani. Pete ikakaa kidoleni. Nilikwenda kumwonyesha daktari Mgoa kovu la juu, na nikamweleza habari ya hewa.

"Alitia hewa ili aone," akasema. "Si ili maji yatoke."

"Lakini alitia."

"Alitia," akakiri, na nikaridhika na hapo.

Nilidhani haya yameishia hapo. Lakini juma lililopita, asubuhi, nikiwa nakata bati, alikuja Pazi kutoka Kiwangwa. Alisimama mlangoni.

"Assalamu alaykum," akasema. "Habari za asubuhi, Fundi? Hamjambo wote? Mama Zena hajambo?"

Nikaweka mkasi chini. Katika miaka yote hajawahi kunisalimu kwa adabu. Na hakuwa na nanasi. Nikatazama kanzu yake, nikaona inaning'inia mabegani na imekaza mbele.

Akaketi kwenye kiti chenye tundu bila kuuliza kwa nini kina tundu.

"Fundi," akasema, "wale madaktari wako wawili. Yule wa pigo moja na yule wa polepole. Nani bora?"

Hilo ndilo swali lililonifanya niandike. Nilimjibu hivi, na wewe nakujibu hivyo hivyo. Wa pigo moja hukupa nafuu mapema, huna muda wa kuogopa, lakini akitoka hajui zaidi ya alivyojua alipoingia. Wa polepole hukuogopesha mara tatu na bega litauma, lakini akitoka amekwisha kuona. Ukitaka maji yatoke, nenda kwa wa kwanza. Ukitaka kujua yanatoka wapi, nenda kwa wa pili. Anza na wa kwanza, naye ndiye atakayeandika barua. Barua usikae nayo siku tisa. Nenda msalani kabla. Na maji yako yanatoka wapi mimi sijui. Hilo usiniulize mimi wala mwalimu wala jirani.

"Watanifungua?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, Pazi. Mimi walikuwa wanifungue, hawakunifungua. Nitakwenda nawe. Nitachukua mfuko."

Mikono yake mikubwa ya jembe ilikuwa juu ya tumbo, inalishika kama mtu anayeshika kuku wa watu. Nikaona kwamba adabu ile itamuua kabla ya ugonjwa. Nikauchukua uzi wangu msumarini, nikafungua mafundo yote moja moja, nikamzungushia usawa wa kitovu.

"Miezi mingapi sasa?" nikamwuliza.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na tumbo likatikisika baada yake, na uzi ukanitoka mkononi.

"Tulia," nikasema. "Unaniharibia kipimo."

"Ile mbeleko yangu," akasema, akifuta macho. "Unayo bado?"

"Ninayo."

"Basi nirudishie."

Nikashika uzi upya, nikafunga fundo la kwanza.